Shajara ya mradi wa maua ya pwani: Raskazone hadi Kigombe

Jumamosi, 5 Aprili 2025. Raskazone

Mradi una mwezi mmoja na nusu sasa, na leo ndiyo mara ya kwanza naandika shajara kwa utaratibu, kwa hiyo nianze na chanzo. Mimi nachanganya rangi za nyumba kwenye duka moja huku Ngamiani, mjini Tanga. Februari alikuja mama mmoja asubuhi na ua la manjano mkononi, akaliweka juu ya kaunta. "Mwanangu, nataka sebule yangu iwe hivi." Nikamchanganyia. Aliporudi saa 10 jioni kuchukua ndoo yake, ua lilikuwa palepale, na limegeuka rangi ya chungwa linaloelekea wekundu. Akaitazama rangi, akalitazama ua, akanitazama mimi. Sebule yake tuliipaka manjano na ameridhika nayo, lakini mimi usiku ule usingizi ulinipaa. Miaka 19 nalinganisha rangi kwa macho, na sijawahi kuona sampuli inayobadilika ikiwa imelala tu kaunta.

Ndipo nikaanza kuandika maua ya porini ya ufukweni, kutoka Raskazone, kushuka Mwambani na Tongoni, hadi Kigombe. Kila ua nataka jina linaloitwa na watu wa hapa, jina la kitaalamu, na rangi zake zote ninazoweza kuziona. Msaidizi wangu ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, ana mkono usiotetemeka akishika simu.

Leo tumefeli. Mvua ilinyesha mpaka saa 6, tukafika ufukweni saa 8 mchana, na mimea yote inayotambaa juu ya mchanga ilikuwa imeshafunga maua. Tumbo la ua limejikunja, rangi imebaki kwenye mikunjo tu. Hatukuandika hata mstari mmoja wenye maana.

Jumapili, 6 Aprili. Raskazone tena

Saa 1 asubuhi, maji yamekupwa. Mambo mengine kabisa. Ule mtambaa wa jana umefunguka wote, kuanzia juu ya alama ya maji kujaa hadi chini ya mivinje. Babu mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu anauita mlakasa. Kitaalamu ni Ipomoea pes-caprae, na hilo pes-caprae ni Kilatini, maana yake mguu wa mbuzi. Ukishika jani lake unaelewa mara moja: limepasuka katikati ya ncha kama kwato. Nimefurahi kwamba mtu wa mbali aliyelipa jina aliliangalia jani kwanza.

Ua ni kama tarumbeta. Rangi yake ni ya waridi iliyotiwa zambarau kidogo, na ndani kooni zambarau inakolea. Ukiliweka dhidi ya jua unaona mistari mitano imetoka katikati kama nyota, mizito kuliko sehemu nyingine. Tulikaa tukihesabu saa. Saa 4 bado zuri. Saa 5 ukingo umeanza kulegea. Saa 6 na nusu yale ya juani yamejifunga, ya kivulini yanachelewa kidogo.

Pembeni tukaona matumba marefu meupe ya mmea unaofanana naye, majani yake yana umbo la moyo. Huyu ni Ipomoea violacea, hufunguka usiku. Jina lake linataja zambarau, ua lake ni jeupe. Itabidi tuje gizani.

Jumamosi, 12 Aprili. Nyumbani, Ngamiani

Leo ni kazi ya mezani. Tumepitia picha zote na kuna tatizo kubwa. Ua moja la mlakasa, picha mbili, dakika 10 kati yake: moja limetoka buluu, jingine limetoka waridi ya peremende. Simu inajirekebishia mwanga yenyewe. Ikiona anga jingi inafanya hivi, ikiona mchanga mwingi inafanya vile. Dukani tunajua habari hii, ndiyo maana mteja namtoa nje na kadi ya rangi mkononi kabla hajalipa. Kuanzia sasa kila picha iwe na kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya ua, na tupige chini ya kivuli cha mwavuli. Karatasi ikitoka na rangi, picha haifai.

Tatizo la pili ni maneno. Binti ameandika "pinki" kwa maua matano ambayo hayafanani hata kidogo. Nilileta kadi za dukani, lakini namba za kiwanda ni za ukuta, hazina ule mwanga unaotoka ndani ya petali. Nikamwambia tuandike kama wanavyosema mama zetu wakichagua kanga. Rangi zetu karibu zote zimetoka kwenye vitu: kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye majivu, manjano kwenye bizari, zambarau kwenye tunda. Akaniuliza, "Zambarau ipi sasa, mjomba? Tunda lenyewe lina rangi tatu." Ni kweli. Likiwa halijaiva linaanza na waridi, likiiva linakaribia weusi, na ukishalila ulimi unabaki na rangi nyingine ambayo haipo kwenye ganda. Tumekubaliana: kuna zambarau ya ganda na zambarau ya ulimi. Mlakasa kooni ni zambarau ya ulimi. Tangu tukubaliane hivyo hatujabishana tena juu ya ua lile.

Na damu ya mzee imepata nafasi yake daftarini, rangi ambayo nimeichanganya mara nyingi kwa ajili ya milango na madirisha bila kufikiria kwamba ipo porini.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili. Mwambani

Duka limefungwa, kwa hiyo nimeutoa mchana mzima kwa ua moja. Ndilo lile la kaunta.

Mti unaitwa mtakawa. Umesimama pale mikoko inapoishia na nchi kavu inapoanza, matawi yamelala hadi karibu na tope. Nilichagua tumba moja kwenye usawa wa macho, nikalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili nisilipoteze, nikaketi juu ya ndoo.

Saa 12 na nusu asubuhi limejisokota kama mwavuli uliofungwa. Saa 2 mzunguko umelegea. Saa 3 liko wazi: petali tano, kila moja imeegemea ya jirani yake, manjano nyepesi ya siagi, na ndani kabisa kitako cha damu ya mzee. Katikati umesimama mnara wa chavua, na kwenye kilele chake vichwa vitano vidogo vya zambarau. Nyuki wadogo wanaingia hadi kitakoni na kutoka wamejaa unga. Chini ya majani, karibu na kikonyo, kuna mpasuko mdogo wenye utamu, na sisimizi wamepanga foleni hapo bila kujali ua kabisa.

Saa 6 manjano imekolea. Saa 8 ukingo wa petali ya chini umeshika rangi ya chungwa, kwanza kama doa, halafu kama mshipa. Saa 9 na nusu ua zima ni chungwa. Saa 11 ni wekundu wa tofali, na kile kitako cheusi hakionekani vizuri tena kwa sababu rangi inayokizunguka imekikaribia. Saa 12 kasoro likadondoka lote zima, petali zote pamoja, likatua kwenye tope uso juu. Kuzunguka mti yalikuwepo maua ya namna hiyo mengi, yote mekundu, wakati juu mtini asubuhi hapakuwa na ua jekundu hata moja.

Kinachotokea ni hiki: ndani ya petali mmea unatengeneza rangi nyekundu ya kundi la anthosayanini kadiri mchana unavyokwenda. Ni kundi lilelile linaloipa rosela wekundu wake, na rosela ni ndugu wa mtakawa, wote ni Hibiscus. Kwa hiyo ua halichakai kama nilivyodhani. Linapakwa koti la pili.

Jioni tulipofungua daftari tukaona kosa. Kwenye kurasa za Machi tuna mistari mitatu: ua la manjano la mikokoni, ua la chungwa la mikokoni, ua jekundu lililoanguka. Programu ya simu ilitupa jina tofauti kwa kila moja na sisi tukanakili. Ni mti mmoja, Hibiscus tiliaceus, na tuliupiga picha saa tatu tofauti. Nimefuta mistari miwili. Daftari sasa lina safu mpya kabla ya safu ya rangi, nayo ni ya saa. Maua 11 tuliyoandika bila saa tutayarudia yote.

Jumamosi, 26 Aprili. Tongoni

Sikukuu ya Muungano, tumepanda gari la Pangani hadi Tongoni. Nilikuwa na swali moja. Karibu na kijiji nimeona mitakawa ambayo maua yake, badala ya kuwa mekundu, yanakwenda kwenye zambarau. Je, ni aina ya rangi tu, au ni mti mwingine?

Bibi aliyetupokea ana miaka mingi ya kusuka kamba. Tukamwamkia, akaitika, akatukalisha mkekani, na kabla sijafika kwenye swali alikuwa ameshampa binti kifuu ameze maji. Nikamwonyesha vitawi viwili.

"Shikamoo tena bibi, huu unaitwaje?"
"Marahaba. Mtakawa."
"Na huu?"
"Mtakawa."
"Yote miwili?"
"Yote inatoa kamba, mjukuu wangu. Ungetaka niiteje?"

Halafu akaongeza, akiwa anavunja kitawi kwa kucha, kwamba maua yake hayaivi sawa. Akatumia neno hilo, kuiva. "Hili linaiva kama chungwa. Hili linaiva kama zambarau." Nimelichukua neno lake. Safu ya rangi ya mwisho sasa inaitwa "likiiva."

Tulikaa barazani kwake saa nzima na vile vitawi na tofauti zikatoka moja baada ya nyingine. Hibiscus tiliaceus jani lake ni la mviringo wenye ncha, na chini lina manyoya mafupi yanayolifanya kuwa la kijivu, ukilipitisha shavuni unahisi kitambaa. Kitawi chake kina pete, kovu limezunguka kila pale vijani viwili vikubwa vya kufunika chipukizi vilipodondoka. Mtakawa wa pili, Thespesia populnea, jani ni moyo kamili, limechongoka, linang'aa juu na chini halina manyoya. Kitawi hakina pete zile. Ndani ya ua, kilele cha mnara hakijagawanyika vichwa vitano vilivyoachana, kimebaki kama rungu moja. Tunda ndilo linalomaliza ubishi: la kwanza lina manyoya na likikauka linapasuka vipande, la pili ni gumu, bapa kidogo kama kifungo cha koti, na halifunguki. Nililikwaruza bichi kwa ukucha likatoa utomvu wa manjano ambao mpaka jioni haukutoka kidoleni.

Na bibi yuko sahihi kuhusu kuiva. Thespesia asubuhi ni manjano nyepesi na kitako cha damu ya mzee, mtu angeapa ni lilelile. Mchana linaelekea zambarau yenye waridi, na likinyauka halina haraka ya kuanguka. Tuliyakuta ya siku zilizopita bado yamening'inia, yamejikunja.

Nimeandika jina la watu kwa miti yote miwili: mtakawa. Sitalibadilisha ili lifuate vitabu. Jina limeshika kazi ya gome, vitabu vimeshika ua na tunda, na daftari lina nafasi ya vyote.

Jumapili, 4 Mei. Tongoni, makaburini, na uani Ngamiani

Asubuhi tulipita kwenye magofu. Kando ya ukuta wa makaburi ya kale limeota lile ua la petali tano bapa ambalo wengi wetu tunalo mlangoni, Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska. Katika hatua kama 20 tuliona la waridi, jeupe lenye jicho jekundu, na jeupe tupu. Hapa saa haihusiki; tulirudi saa 9 na kila moja lilikuwa na rangi yake ileile. Tofauti hii iko kwenye mbegu, inarithiwa, kama watoto wa tumbo moja wanavyotofautiana weusi. Mmea huu mdogo ndiyo uliotoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Nilipomwambia binti alikaa kimya, kisha akachora la jeupe lenye jicho kwa uangalifu ambao sijamwona nao kwa maua mengine. Utomvu wake ni sumu, si wa kunywa kienyeji, nimeliandika hilo kwa wino mzito.

Jioni jaribio dogo uani. Kwenye ua wa jirani kuna mmea wa kutambaa, Clitoria ternatea, wenye maua ya buluu na meupe, mashina yamesokotana yakitoka kwenye futi moja ya udongo. Jirani anashikilia kwamba udongo ndiyo unaogeuza rangi. Mizizi ya yote miwili iko palepale, kwa hiyo hapana. Lakini rangi yenyewe inageuka ukiitoa nje ya ua: tuliponda petali tatu za buluu kwenye maji moto, maji yakawa buluu ya wino, tukakamulia ndimu, yakageuka zambarau mbele ya macho yetu. Kikombe cha pili tukatia magadi kidogo, yakaenda kijani. Watoto wa uani walitaka turudie mpaka maua yakaisha.

Jumamosi, 17 Mei. Ngamiani

Habari mbaya. Vielelezo tulivyokausha kwenye magazeti chini ya matofali vimeota ukungu, nusu nzima. Hewa ya pwani mwezi wa masika si ya kukausha kitu bila kubadilisha karatasi kila siku, na mimi nilibadilisha kila nilipokumbuka. Vilivyopona navyo vimepoteza rangi. Buluu ya Clitoria imekuwa kijivu, mlakasa umekuwa kahawia. Sasa naelewa kwa nini wataalamu wa mimea huandika rangi ya ua palepale porini kwenye lebo: baadaye haipo tena.

Kwa mkoa wetu jambo hili lina historia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Usambara, aliliona ua dogo la buluu-zambarau na kulipeleka kwao kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha, na ionantha maana yake ni lenye ua kama vayoleti. Lilikuwa likiota Usambara, na pia kwenye miamba ya chokaa karibu kabisa na mji wa Tanga. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, la waridi, jeupe, la rangi mbili, na wanaolinunua wengi hawajui neno Tanga. Lile la porini bado ni buluu-zambarau. Haliko kwenye njia yetu ya mchanga, lakini ukurasa wake upo mwanzoni mwa daftari. Nimeutaka uwepo.

Jumamosi, 31 Mei. Kigombe

Mvua zimepungua, upepo wa kusi umeshika. Tulilala kwa shemeji ili tupate usiku. Saa 2 usiku kwa tochi: Ipomoea violacea imefunguka, nyeupe, pana kama kisahani cha chai, mirija mirefu. Nyeupe yake ina ubichi wa kijani kwenye ile mistari mitano. Tuliandika "tui la kwanza, mistari ya figili." Asubuhi saa 3 yalikuwa yamelegea.

Njiani kurudi, kwenye kichaka, Gloriosa superba moja tu. Petali zake zimepinda kurudi juu kama ndimi za moto. Ua changa ni kijani-manjano, la kati ni manjano lenye ncha nyekundu, kongwe ni jekundu lote, na yote matatu yako kwenye mmea mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo umri unausoma bila kusubiri. Mmea wote una kolchisini, hasa kiazi chake, na sumu hiyo inaua. Watoto waliotufuata tuliwaonyesha na kuwaambia wasichimbe.

Na Lantana camara, ambayo kila mtu anaiona kama gugu, na ni gugu kweli, imetoka Amerika na inafunika mashamba. Lakini kichwa chake cha maua ni somo zuri: katikati manjano, pembeni chungwa na waridi. Yaliyofunguka leo ni ya katikati. Mwaka 1877 Fritz Müller, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa akiishi Brazil, aliandika juu ya Lantana ya kule kwamba ua huwa manjano siku ya kwanza, chungwa ya pili, zambarau ya tatu, na akawaangalia vipepeo wanavyochagua. Tulisimama robo saa. Vipepeo walitua kwenye kichwa chote, lakini ndimi zao ziliingia kwenye manjano. Binti alihesabu mara 14 kwenye manjano na mara 1 pembeni. Ameuliza kama mtakawa nao unawaambia nyuki kitu saa 9 unapogeuka. Swali lake nimeliandika peke yake kwenye ukurasa.

Hali ya daftari: aina 34 zina jina la kitaalamu, 19 kati yake zina jina la watu wa hapa, 11 zile zisizokuwa na saa zimebaki 3. Kesho Jumapili tunapitia Tongoni kwenye Thespesia. Nina uzi mwekundu, mwavuli na ndoo ya kukalia. Tuwe chini ya mti saa 11 na nusu alfajiri, tumba likiwa bado limejisokota.